Siku Saba Lamu, na Kisiwa Kisicho na Mshale

Siku ya kwanza, Jumamosi

Basi limetoka Mombasa gizani, mimi na mkoba wa kompyuta mapajani. Bibi ametolewa mtoto wa jicho juma lililopita, jicho la kulia, na ukoo umepanga zamu za kukaa naye ili asiiname, asibebe ndoo, wala asisahau dawa ya matone. Zamu hii ni yangu. Mimi ni fundi wa kompyuta; duka likifungwa wiki moja, watu watanung'unika tu.

Kompyuta yenyewe ni kikongwe. Feni inakoroma, kadi ya picha ni ya kuhesabiwa na marehemu, na betri inakaa dakika arobaini ukiibembeleza. Ndiyo maana nimeiwekea Morrowind, mchezo wa mwaka 2002 ambao nimeusikia ukisifiwa tangu niko sekondari na sijawahi kuugusa. Niliununua msimu wa punguzo, nikauendesha kwa OpenMW, injini huru ambayo wapenzi wa mchezo huo wameiandika upya wenyewe.

Tukapita Malindi, tukapita Garsen, tukashushwa kuonyesha vitambulisho, tukapanda, tukashushwa tena. Alasiri tukafika Mokowe, ambako barabara inaisha na bahari inaanza. Kutoka hapo ni boti, chumvi usoni, na baada ya muda mfupi Lamu ikajitokeza kama ninavyoikumbuka: nyumba nyeupe zimesimama foleni mbele ya maji, punda gatini, na mizigo inarushwa kutoka mkono hadi mkono.

Kijana mwenye rikwama alitaka kunipeleka. Nikakataa kwa kiburi. Mimi mjukuu wa hapa, nipelekwe kwa bibi yangu? Kumbe mara ya mwisho kuja nilikuwa na miaka kumi na miwili. Haikupita robo saa nikawa nimebanwa baina ya kuta mbili za mawe ya matumbawe, punda ananisukuma kwa magunia ya simenti, na simu inaapa kwamba nimesimama katikati ya bahari. Kuta zile zimepanda, vichochoro vimekonda, setilaiti haikuoni.

Nikamwendea mzee aliyekaa barazani na tasbihi.

"Rudi usita wa mui," akaniambia, yaani njia kuu ya mji, "enda nao mpaka msikitini, uwate mkono wa kushoto. Ukiona mlango wa nakshi uliopasuka ubao wa tini, uliza tena."

Uliza tena. Niliuliza mara nne. Bibi alikuwa darini, jicho limefunikwa, akanitambua kwa sauti ya kikohozi. Nikambusu mkono, akanipapasa kichwa. "Mbona umetinda nyele hivi, babu? Umetoka jela?"

Usiku, matone ya mwisho yametiwa, nikafungua mchezo. Nao unaanzia wapi? Ndani ya tumbo la merikebu, wewe ni mfungwa, mfungwa mwenzako anakuamsha na kukuuliza jina. Unashushwa kwenye gati la kijiji cha Seyda Neen, kisiwa cha Vvardenfell, na askari wanakuingiza ofisi ya forodha. Karani anakuandika: taifa lako, kazi yako, umezaliwa chini ya nyota gani, kama vile amesomea falaki. Nikacheka peke yangu. Mchana kutwa nimeonyesha kitambulisho, na huku nako wanataka karatasi.

Kisha unakabidhiwa bahasha umpelekee mtu aitwaye Caius Cosades, mji wa Balmora. Balmora iko wapi? Michezo ya siku hizi ingekuwekea mshale juu ya skrini, nawe ungeufuata kama mbuzi anayevutwa kamba. Hapa hakuna mshale. Karatasi ya maelekezo inasema ukifika Balmora nenda kilabu cha South Wall, ukaulize.

Ukaulize! Nikazima nikalala.

Siku ya pili, Jumapili

Matone ni kila baada ya saa nne, na kengele ya simu ndiyo imekuwa muadhini wetu wa pili. Daktari amesema maji yasiingie jichoni, kwa hiyo udhu wa Bibi umekuwa mjadala mrefu ambao sitaueleza hapa, alishinda yeye.

Alipotoka madrasa alikuja mpwa wangu, miaka kumi na miwili, mdomo mwekundu kwa mabuyu. Akaniona niko kwenye skrini, akajisogeza. Yeye ni mchezaji wa simu, wa kupigana risasi na watu mia kwa mpigo. Alitazama dakika tano akatoa hukumu.

"Mjomba, nyuso za hawa watu ni kama viazi vya karai."

Sikuweza kumbishia. Ni kweli, na ubaya wa mchezo huu hauishii usoni. Mwendo wa kuanzia ni wa konokono. Kupigana ndiko kunakoudhi zaidi: unaona kwa macho yako panga limepita ndani ya kaa, na kaa hana habari. Chini kwa chini mchezo unarusha dadu, unaangalia ujuzi wako wa silaha hiyo na pumzi uliyobakiwa nayo, kisha unaamua kama umepiga au umekosa. Ukifika mbiombio umeshamaliza pumzi, utakosa mpaka ufe. Mimi nilikufa kwa panya. Mpwa wangu alijiangusha mkekani kwa kicheko.

Alichokipenda ni pete. Pale kwenye ua wa forodha kuna pipa, na ndani ya pipa kuna pete, nami nilishaitia mfukoni. Nje tukakutana na mtu mfupi, Fargoth, analalamika kwamba walinzi wamemnyang'anya pete ya urithi. Mimi nilitaka kuiuza. Pete ina dawa ndani yake, inaponya kidogo kidogo, na mimi ni maskini.

"Mrejeshee," mpwa wangu akasema.

"Ni mchezo tu."

"Basi ukiwa mchezo, si bora zaidi? Hupati hasara."

Nikamrejeshea. Fargoth akafurahi, na tulipoingia dukani tukakuta mwenye duka naye ametuchangamkia, kwa sababu ni rafiki yake. Hakuna aliyetuambia kwamba itakuwa hivyo. Mji ule una watu wachache, na wanajuana.

Baada ya asri nikavuka daraja dogo nikaingia pango la kwanza, Addamasartus. Ndani kuna wafanyamagendo, na nyuma yao kuna uzio. Nyuma ya uzio wamesimama watu: wengine wa jinsi ya paka, wengine wa jinsi ya mjusi, viungo vyembamba, na mkononi kila mmoja ana bangili nzito. Ni watumwa. Bangili ile inawanyonya nguvu za uchawi wasiweze kujitetea. Ukizungumza nao bila ufunguo, hakuna unaloweza kuwafanyia.

Mpwa wangu akauliza kwa nini wamevaa bangili, nikamweleza. Bibi alikuwa nyuma yetu kitandani, nikidhani amelala. Utumwa wa pwani yetu ulifutwa kisheria mwaka 1907. Bibi mzaa bibi yake alikuwa mtu mzima wakati huo, na katika nyumba hii kuna mambo ambayo hatukuambiwa tulipokuwa watoto, nani alikuwa nani.

"Ufunguo u na nani?" Bibi akauliza.

"Na mmoja wa wale waliotushambulia, Bibi."

"Basi mtafuteni."

Tulikufa mara tatu. Ya nne tuliupata. Ukimfungulia mtu bangili anakushukuru na kuondoka zake, hakuna tarumbeta, hakuna zawadi inayodondoka. Kengele ya matone ikalia.

Siku ya tatu, Jumatatu

Kutoka Seyda Neen kwenda Balmora kuna usafiri. Ni mdudu, nasema mdudu kwa kukosa neno, kiroboto mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, amechongwa gamba la mgongoni abiria wakae, na mwendeshaji anamwongoza kwa kuzibonyeza nyama zake zilizoachwa wazi. Mpwa wangu aliguna kwa kichefuchefu, kisha akataka tupande mara moja. Mimi nikasema tutembee. Nilitaka kuona kama maelekezo ya watu yanafika.

Hatukwenda mbali. Tulisikia ukelele kutoka juu, na mtu akadondoka kutoka mawinguni, pu, mbele ya miguu yetu, amekufa. Jina lake Tarhiel. Mfukoni ana daftari na hati tatu za uchawi wa kuruka alizozibuni mwenyewe. Daftari limejaa majigambo ya mvumbuzi. Alihesabu namna ya kupanda, hakuhesabu namna ya kushuka.

Sijui mchezo mwingine unaokuambia jambo kwa ufasaha kama huo. Hakuna onyo lililoandikwa. Kuna maiti, na kuna hati tatu mkononi mwako, shauri lako.

Mpwa wangu akaomba kompyuta. Akasoma hati ya kwanza, akaruka. Ardhi ikawa mkeka, mito ikawa nyuzi, tukapiga kelele wote wawili, kisha ardhi ikarudi kwa kasi tukafa. Akarudisha alipohifadhi. Akakaa kimya akifikiri, ulimi umetoka pembeni kama anavyofanya akiandika hesabu. Safari ya pili alisoma hati ya kwanza ili apae, na akiwa anakaribia chini akasoma ya pili, miguu ikapokea nguvu ileile iliyomrusha. Akatua mzima, mahali tusipopajua, kuna tope la majivu na ndege wenye mikia mirefu wanaotaka kututoa macho.

Ndege hao, cliff racer kwa jina lao, ni laana. Unapigana na mmoja wanakuja watatu. Aliyewaweka wengi kiasi kile alikuwa na kisasi na mtu.

Tukalazimika kuanza tena kutoka kijijini, na jioni tukafika Balmora kwa miguu. South Wall wakatuambia nyumba ya Caius iko mtaa wa juu, mwisho kabisa. Akatufungulia mzee kifua wazi, suruali tu, chumba kimoja, kitanda kimoja, na moshi wa ulevi mezani. Huyu ndiye mkuu wa majasusi wa mfalme. Alisoma bahasha, akatutazama, akatupa sarafu 200, akasema hatufai bado. Tutafute kwanza kazi ya kujifunzia dunia, ndipo turudi.

"Huyu mzee ni kama yule wa pale karakana ya majahazi," mpwa wangu akasema. Nilimkataza, lakini anafanana naye kweli.

Siku ya nne, Jumanne

Umeme umekatika asubuhi na haujarudi. Betri ilikufa nikiwa katikati ya duka, nachagua viatu.

Usiku tukapanda juu ya dari, Bibi, mimi na kijana, feni ya mkono ikizunguka zamu. Bibi akauliza yule mfungwa wetu hadithi yake ni ipi. Nikamsimulia: kulikuwa na shujaa zamani, Nerevar, aliyeunganisha watu wake, akafa, na inasemekana atazaliwa tena, na huenda mfungwa wetu ndiye. Wanavyosimulia kifo chake hawakubaliani. Makuhani wa hekalu wana yao: alikufa kwa majeraha ya vita. Watu wa jangwa la majivu, wanaokaa kwenye mahema, wana yao: waliomuua ni marafiki zake, walewale wanaoabudiwa leo kama miungu.

Bibi akacheka kwa pua. "Liyongo huyo."

Akaanza. Nilishaisikia hadithi ya Fumo Liyongo utotoni, ila si kwa sauti hii ya gizani, mji mzima umezima taa na mawimbi yanasikika mpaka juu. Jinsi alivyofungwa gerezani na mfalme aliyemhofia. Jinsi alivyoimba kwa fumbo, na kijakazi akapeleka fumbo kwa mama yake. Jinsi mama alivyooka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, akatia tupa ndani ya ule wa wishwa, maana walinzi wangekula mizuri na kumtupia mfungwa ule mbaya. Watu wakapiga ngoma nje kwa amri yake, naye akakata minyororo katikati ya kelele. Hapa Bibi akapiga kiganja juu ya paja, ta, ta, ta, kama tupa juu ya chuma.

Na mwisho wake. Mwana wake wa kuzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo akainuka, akashika uta, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upote, akafia hapo. Watu wakakaa siku nyingi na kiu, hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai.

"Kaburi liko wapi, Bibi?" kijana akauliza.

"Ozi, karibu na Kipini. Ndivyo nilivyoambiwa. Wa Pate watakwambia yao."

Kuna wanaosema Morrowind haifuatiki kwa sababu kila kitabu ndani yake kinapingana na kingine, na hujui cha kweli ni kipi. Hawakulelewa na bibi yangu.

Siku ya tano, Jumatano

Umeme umerudi, lakini leo tumekwenda Takwa. Shangazi amekuja kukaa na Bibi, na nahodha wa Shela, jamaa wa mbali, alikuwa na nafasi. Takwa iko kisiwa cha Manda, na mkondo wa kuingia umepita kati ya mikoko. Bila maji kujaa hufiki. Tuliondoka na maji yakipanda, tanga likiwa limelegea, na mwisho wake nahodha alishika pondo akatusukuma mizizi ikikwaruza ubavu wa mashua.

Mji ulioachwa. Mibuyu, kuta zilizokatika kiunoni, milango yote imeelekea njia moja. Msikiti una nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla. Kando ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo, na juu yake umeandikwa mwaka wa Hijria 1094, yaani kiasi cha 1683 kwa hesabu ya Kizungu. Mpwa wangu aliingia kila chumba akichungulia pembe zote. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaona haya. Alikuwa anatafuta sanduku.

Nikamweleza nahodha kwamba katika mchezo wetu pia kuna miji mitupu, ya watu walioitwa Dwemer, mafundi wa chuma na mvuke. Taifa zima lilitoweka siku moja, na mpaka leo mashine zao zinazunguka chini ya ardhi bila mwenyewe. Kila mwanachuoni wa kisiwa kile ana dhana yake.

Nahodha akatema mate baharini. "Hawa hawakutoweka. Walihamia Shela. Mimi hapa. Mvua ikigoma tunarudi kuomba hapo kaburini."

Nimeifikiria kauli hiyo njia nzima. Waandishi wa michezo wanapenda sana watu waliotoweka bila kisa. Magofu yakikosa mwenyewe ni rahisi kuyaingia na kuchukua. Katika hili Morrowind nayo ina kosa hilohilo. Unaingia mji wa watu, unatoka na vikombe vyao, unaviuza.

Kurudi, maji yalishaanza kupwa. Tulikwama. Tukashuka wote watatu, tope mpaka magotini, tukaisukuma mashua na kaa wadogo wakitutekenya vifundo. Ndala yangu moja imebaki Manda.

Siku ya sita, Alhamisi

Caius ametukubali. Kazi ya kwanza ametutuma kwa Hasphat Antabolis, msomi wa chama cha wapiganaji hapo Balmora, naye hatoi elimu bure: twende magofu ya Arkngthand tumletee kisanduku cha fumbo cha Dwemer. Maelekezo yake ni kama ya yule mzee wa tasbihi. Toka mjini kusini, pita ngome ya askari, shika bonde kubwa la majivu, kuna daraja la kale la mawe, uvuke, mlango uko ng'ambo. Kuufungua kuna mpini juu ya bomba, uuzungushe.

Shajara ya mchezo inaandika kila kitu kwa kufuatana kwa siku, unabii umekaa chini ya ombi la mtu aliyepoteza pete, kwa hiyo mpwa wangu amefungua daftari lake la hesabu kurasa za nyuma na anachora ramani. Tulipotea. Tulishuka ndani ya bonde tukapita chini ya daraja badala ya juu yake, tukaendelea mpaka dhoruba ya majivu ikatufunika, shujaa wetu anatembea mkono umekinga uso.

Hapo nikafanya jambo la kijinga. OpenMW ina mpangilio wa kusogeza mwisho wa upeo wa macho. Mwaka 2002 kompyuta hazikuweza kuchora mbali, kwa hiyo mchezo ulifunika kila kitu na ukungu hatua chache mbele yako. Mimi nikauondoa ukungu. Kompyuta ikalia kama pampu, picha ikaja kwa kugugumia, na kisiwa chote kikajianika. Mlima ule pale. Mji ule tulioutembelea jioni nzima, ule pale nyuma ya kilima. Kijiji cha forodha, karibu ya kurusha jiwe.

"Kumbe ni kadogo hivi?" mpwa wangu akasema, na sauti ilimwanguka.

Nikaurudisha ukungu haraka, lakini tulishaona. Nikakumbuka siku ya kwanza. Kutoka nyumba hii hadi ngome ya Lamu si mwendo wa kusimulia. Ukichora mstari juu ya ramani utaona aibu kusema umepotea. Ila Lamu haikuonyeshi mstari. Inakuonyesha ukuta, kona, mlango, mtu. Hatua ishirini, kona nyingine, mtu mwingine. Huoni mbele, kwa hiyo mji haukuishii. Naamini waliotengeneza Morrowind walishinikizwa na udhaifu wa mashine, na kutoka katika udhaifu huo wakapata kisiwa kikubwa kuliko vingi vilivyochorwa baadaye kwa mashine zenye nguvu, ambavyo unasimama mlimani unaviona vyote na mshale unakuambia uelekee wapi.

Tukalipata daraja. Tukazungusha mpini, mwamba ukafunguka. Ndani majambazi, mvuke, mabomba, taa za manjano. Kisanduku hakuna. Tulipanda, tukashuka, tukaingia kila chumba, saa nzima, saa mbili. Kijana akaanza kusema mchezo una hitilafu. Mimi nilikuwa karibu kumwunga mkono.

Bibi aliletwa kitini kwa ajili ya matone. Kitambaa cha jicho amekiacha jana, na leo alikuwa anajaribu kila kitu kwa jicho hilo: rangi ya kanga, nywele za mkono wake, vumbi la juu ya kabati, ambalo lilimtia hasira. Nikamtia tone, akakaa akipepesa, uso ameuelekeza kwenye skrini. Tulikuwa chumba cha pembeni tulichokwisha kupita mara tatu, chenye rafu za chuma zimejaa takataka.

"Ile nini iliyo pale kidakani?"

"Ni rafu, Bibi. Vyombo vibovu."

"Si chombo. Kule nyuma. Kina pembe nne."

Mpwa wangu akasogeza kishale. Kikaandikwa jina lake pale pale. Kadogo, kahawia, kama kiberiti kilichotupwa.

Nyumba hii ina zidaka ukuta mzima, safu kwa safu, na Bibi amekaa miaka themanini akijua nini kimewekwa wapi: birika la China lenye ufa, funguo, dawa za matone. Mtu akisogeza kitu kidole kimoja anauliza nani aligusa. Hakushangaa hata kidogo. Akaomba chai.

Siku ya saba, Ijumaa

Dada yangu anapokea zamu jioni. Asubuhi tulimpelekea Hasphat kisanduku, akatupa maandishi yake tumpelekee Caius. Hatukuwahi, boti ilikuwa inasubiri.

Kompyuta nimeiacha. Nimesema ni kwa sababu sitaki kuibeba, na mpwa wangu amekubali kuamini hivyo. Masharti: baada ya madrasa tu, feni isizibwe na mto, na kengele ya matone ikilia anasimamisha hata akiwa mdomoni mwa zimwi. Safari hii nilifika gatini bila kuuliza njia, isipokuwa mara moja.

Mokowe, nikiwa nimeshakaa kwenye basi la kulala Malindi, simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa mpwa wangu, anahema. Alitaka tu kujua, anasema, nini kitatokea akimpiga Caius. Akampiga. Caius amekufa, na mchezo umeandika kwamba uzi wa unabii umekatika: ama arudi alipohifadhi, ama aendelee kuishi ndani ya dunia aliyoiharibu. Afanye nini?

Nyuma yake, kwa mbali, Bibi anasikika akiuliza, "Na zile karatasi za yule msomi, sasa atapewa nani?"